Usichie Kichu: Miaka Yangu ya Siki

Nyinyi vijana mnaobaki na mitungi yangu hapa Mombasa, someni karatasi hizi mkiwa mmenawa mikono. Nimeandika mwenyewe, kwa herufi nilizojifunza chuo cha Kurani nikiwa mdogo na nyingine nilizookota njiani. Mkiona neno limekaa upande, linyoosheni huko huko mnakosoma, msije kuniuliza. Naacha kazi kwa sababu pua yangu imeanza kunidanganya. Juzi nilinusa siki ya ndizi nikasema ni ya nazi, na Rukia, mke wa mwanangu, akatazama pembeni kwa heshima. Mtu akishaanza kutazamiwa pembeni kwa heshima, na aondoke.

Mambo ya faida na hasara mtamuuliza Rukia. Mimi nitaandika kazi. Na nataka kumaliza hadithi moja mnayowauzia wateja, maana nawasikia. Mnawaonyesha ile chupa kubwa ya kioo iliyovikwa kikapu, pale pembeni, mnasema: "Siki hii Bibi aliitoa kisiwani Chovae wakati wa vita, akaivusha bahari akiikumbatia." Mteja anashika shavu, ananunua mbili. Maneno mazuri, lakini siyo. Mkifika mwisho mtajua chupa ile ilivuka na nini.

Kazi nilianzia Kismayo, kwa Shangazi Mize, dada wa baba. Nilikuwa sijaolewa. Nyumba yake ya siki ilikuwa ukumbi mrefu, mitungi imesimama kwa safu kama watu wanaongoja kuswali, na matundu ukutani ya kupitishia upepo. Siku ya kwanza nilidhani nitapewa kijiko cha kuonjea. Nikapewa mkeka.

"Kaa hapo, unuse," Shangazi akasema.

"Ninuse nini, Shangazi?"

"Ungekuwa unajua, ningekupa kijiko."

Nikanusa mpaka kichwa kikauma. Jioni akaniuliza mtungi upi ni upi, nikakosea yote, naye hakunikemea. Alinikatia muwa tu, nikaenda nyumbani. Kesho yake mkeka ulikuwa pale pale.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mpaka leo likinijia hunibidi nikae kitako. Maji ya mnazi yakigemwa asubuhi ni matamu, mtoto hunywa. Yakilala huwa tembo, pombe ya mnazi, na tembo ni haramu kwetu, tena ni najisi, likikurukia nguoni huswali nayo. Lakini yakiachwa wazi yakaendelea na safari yake, huwa siki, na siki ni halali na ni baraka ya chakula. Ni maji yale yale, mtungi ule ule. Yanaingia haramu kwa mlango huu na kutokea halali kwa mlango ule, na hakuna mkono wa mtu uliopita katikati. Tulivyofundishwa na walimu wetu, sharti ndilo hilo: yageuke yenyewe. Ukitia chumvi, kitunguu, mkate, chochote cha kuyaharakisha, umeyaharibu, hata yawe makali kama wembe. Mtungi waweza kuutoa kivulini ukaupeleka juani, na kuurudisha. Zaidi ya hapo huna ruhusa. Shangazi aliyafunga yote hayo kwa maneno mawili ya Kibajuni chetu: "Usichie kichu." Usitie kitu. Nyinyi wa Mombasa mmeyalainisha maneno hayo, ndiyo maana nayaandika kama yalivyotoka kinywani mwake.

Kwa hiyo mjue: sisi ni waonjaji tusioonja. Kitu kikiwa katikati ya njia, ulimi haugusi. Ni pua tu, na sikio, maana tembo linaunguruma na siki inanyamaza. Na jicho, kutazama utando mweupe unaotanda juu kama malai ya maziwa. Tulikuwa na leso ya kazi ambayo haikutoka mlangoni, vitambaa vyepesi vya kufunikia mitungi, na kipande cha tumbawe. Tone la siki kali likiangukia tumbawe, huchemka povu. Lakini Shangazi alinionya nisiliamini sana. "Jiwe linajua ukali," alisema, "halijui halali." Wapo na watu wa namna hiyo.

Mara moja alikuja mama wa bwana harusi, siku ya shughuli yenyewe, anataka siki ya kachumbari ya watu wengi. Mtungi mmoja tu ulikuwa umekaribia. Shangazi akafunua kitambaa, akanusa, akasema, "Bado."

"Mize, nami nanusa siki!"

"Nawe mwana wako anaoa, kila kitu leo kinakunukia vizuri. Bado."

Yule mama akaondoka akimtukana Shangazi ukoo mzima, ambao ni ukoo wake pia. Harusi ikaliwa kwa ndimu. Maharusi wale wana wajukuu sasa, ndimu haikuwadhuru.

Kijiko nilipewa baada ya miaka. Na kuonja kwenyewe si kubugia. Tone moja juu ya ukucha wa kidole gumba, ncha ya ulimi, halafu unangoja. Kwanza ukali unapiga mbele. Kisha unaona kama ndani yake mna utamu uliokufa au mna kitu kinachoishi. Ukimeza, funga mdomo, toa pumzi puani: harufu inayorudi ndiyo inayosema kwao ni wapi. Siki ya minazi ya Burgao ilikuwa nyeupe, imenyooka, kali bila kelele. Ya Chovae, kisiwani kwetu, ilikuwa nyembamba na mwishoni ilikuwa na bahari, kama mtu aliyelia zamani. Ya ndizi za mashamba ya mto Juba ilikuwa nene, ya mawingu, tamu puani lakini haikai, ukimeza imekwisha kuondoka. Ya tende za Arabuni ilikuwa nyeusi, nzito, na bei yake iliwafanya watu washushe sauti. Mteja akiniuliza ipi bora, nilimuuliza anapika nini. Akisema achari ya pilipili na huku anainyooshea kidole ya tende, nilimwambia, "Utaivisha pilipili kanzu? Chukua ya ndizi." Watu wa kijiji cha Darakasi walichukua ya ndizi kwa samaki wao, na wageni wakija waliwaambia ni ya Burgao. Sikuwahi kuwaumbua. Samaki wao walikuwa wazuri kiasi cha kustahimili uongo huo.

Shangazi alipotangulia mbele ya haki, nyumba ikabaki kwangu. Ndipo akaanza kuja Lali.

Lali alikuwa Mbajuni mwenzetu, mpishi wa Mtaliana mmoja wa mashamba ya ndizi. Alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi, na alinunua siki yangu kwa saladi za bwana wake. Siku moja akasema, "Bi Esha, unajua wale nao wana kazi kama yako? Bwana wangu anatia pua kwenye gilasi kabla hajanywa."

"Sisi hatunywi."

"Najua hamnywi. Nasema kunusa. Rafiki zake humletea mvinyo mmoja mweupe, jina lake Vionye. Jana waliweka mezani mmoja wa mlimani kwao, mlima mkali kando ya mto, na mmoja wa bondeni kwenye joto. Wakabishana mpaka samaki akapoa. Samaki wangu!"

"Wakabishana nini?"

Nisingeuliza, lakini kazi ni kazi.

"Wa bondeni, anasema, mnene, unakujia wote mara moja, halafu unachoka. Wa mlimani unaingia polepole, una ua na una jiwe. Anasema kwa bei ya mmoja wa mlimani unapata wa bondeni wa wiki nzima, na kwa samaki wa kila siku wa bondeni unatosha. Wa mlimani ni wa kumnyamazisha mgeni."

Nilicheka. "Basi wamegundua ndizi na Burgao."

Baadaye akaniletea vichupa viwili. Masalio ya kila mvinyo alikuwa ameyaacha wazi kwenye dirisha la jikoni, mbali mbali, bila kuyagusa, kama alivyoniona mimi nikifanya. Yalikuwa yamegeuka zamani. Nilinusa kwanza siku nzima, maana ni kitu nisichokijua. Hakukuwa na tembo hata la kuvizia. Nikatoa ukucha.

Wa bondeni ulikuwa kama alivyosema: mishmishi, matunda yale makavu ya mwezi wa Ramadhani, yamejaa kinywa, kisha kimya. Nikasuuza mdomo. Nikaonja wa mlimani.

Nyinyi mnanijua, mimi si mtu wa kupamba. Ukali ulipita, na nyuma yake ukafunguka mlango. Ndani yake mlikuwa na ua la mlimau, na mishmishi lakini iliyo bado juu ya mti, haijakauka, na chini kabisa ubaridi wa jiwe lililonyeshewa. Nikameza, nikatoa pumzi puani, na ua likarudi. Nikatoa tena, likarudi tena. Nikasema Subhanallah kwa sauti, mpaka Lali akaogopa.

"Imekuwaje, Bi Esha?"

"Nyamaza kwanza."

Nilichokuwa nakiwaza ni hiki. Tunda lile lilikuwa zabibu mlimani, kwa watu nisiowajua. Likaponzwa likawa pombe. Pombe nayo ikafa ikawa siki, juu ya dirisha la Lali. Na ua lilipita kote huko bila kuchafuka. Nani aliyelishika mkono? Mimi nilikuwa mtu mzima, nina miaka mingi kazini, nikaona bado niko kwenye mkeka wa siku ya kwanza.

Halafu vita.

Sitaandika yote, mengine mnayajua kwa mama zenu. Magari ya bunduki yaliingia mjini, yakatoka, yakaingia mengine. Siku moja wenye silaha walivunja mlango wa nyumba ya siki. Walisikia mna mitungi, wakadhani ni ulevi. Mmoja akabugia kata nzima. Akatema, akashika koo, akaanza kupiga mitungi kwa kitako cha bunduki, wenzake wakamsaidia. Ndiye mteja pekee niliyewahi kumwona akikasirika kwa sababu bidhaa ni halali. Mitungi ya Shangazi, yenye mashapo ya kabla sijazaliwa, ilitoka barabarani kama maji ya kuoshea vyombo. Sikuokoa hata kikombe.

Tukakimbilia Chovae, mimi na Rukia na wanawe. Mwanangu Shee alikuwa ameshatangulia Kenya kututafutia pa kukaa. Na hapa ndipo mjue hofu yetu ilivyokuwa. Sisi hatukuwahi kuanza mtungi mpya. Kila mara tulimimina maji matamu ya mnazi juu ya mashapo ya zamani, na Shangazi naye alikuta hivyo. Nikaamini, na Rukia akaamini, kwamba siki huzaliwa na siki. Mashapo yamekwenda, basi kazi imekwenda, na sikuwa na kazi nyingine ya kulisha watoto wale ugenini.

Wiki ile ile Lali akatokea kisiwani, amebeba ile chupa kubwa mgongoni kama mgonjwa. Bwana wake alipoondoka alimimina humo mvinyo wake wote wa mlimani, akamwambia, "Fanya siki yako." Lali akaiacha wazi jikoni mpaka alipokimbia.

"Imegeuka, Bi Esha! Tazama, ina utando!"

Nikanusa. Ua lilikuwa pale. Siki ilikuwa pale. Na chini yake, mvinyo, umejilaza.

"Juu siki, chini shetani," nikamwambia. "Ngoja."

Tukangoja. Asubuhi tuliipeleka ukuta wa mashariki, jua likipanda tukaihamishia kivulini, alasiri tena ukuta wa pili. Majirani wakacheka: "Bi Esha anamwotesha mwanawe jua." Walicheka lakini walikuja kunusa. Walikuja wazee, walikuja wanawake wenye ndoo vichwani, wakainama juu ya kitambaa, wakavuta pumzi mara mbili ndipo wakaondoka. Bunduki tulizisikia bara, na kisiwani kila mtu alikuwa anafunga mzigo, lakini mbele ya chupa ile watu walisahau kidogo.

Mwenye mashua ya kutuvusha alikuwa Nahodha Kombo, shemeji yangu, mtu wa miraba minne na swala zake zote. Nilimwomba nafasi ya chupa. Akakuna ndevu.

"Dada Esha, chombo changu kimebeba mbuzi, kimebeba maiti, kimebeba harusi nzima na ngoma zake. Pombe hakijabeba. Na safari hii nataka kumwomba Mungu atufikishe. Sitamwomba nikiwa nimeikalia."

"Ikigeuka?"

"Ikigeuka nitaibeba mapajani. Wewe ukisema imegeuka, mimi sinusi. Pua yako inanitosha."

Alisema tutaondoka bamvua likijaa, yale maji makubwa ya mwezi, kwa sababu maji yakipungua mashua haitoki mlangoni mwa mwamba. Hangoji mtu wala chupa.

Basi tukawa tunatazama mwezi na kunusa. Siku ya kuamkia safari nilimkuta Rukia amepiga magoti kwenye chupa, ngumi imefumbwa.

"Una nini mkononi?"

Akafungua. Chumvi.

"Mama, kidogo tu. Mama Fulani anasema inamaliza kazi kwa siku moja. Chumvi ya bahari hii hii, si kitu cha haramu."

"Si suala la chumvi. Itupe."

"Na tukifika Kenya tutakula nini? Nikuulize, Mama, tutakula nini? Wanangu watakula pua yako?"

Hakuwahi kunijibu hivyo, wala hajarudia. Sikumkasirikia. Nilimshika kifundo cha mkono mpaka chumvi ikamwagika mchangani, nikaketi pale pale karibu naye. Tulikaa mabega yakigusana, tukiisikiliza chupa. Ilikuwa bado inanong'ona.

Sasa nitaruka mbele kidogo kisha nirudi, mnivumilie.

Hapa Mombasa nilianza kwa maji ya mnazi ya kununua, kwenye ile chupa kubwa, kwenye chumba cha kupanga chenye dirisha moja. Nilifunika kwa kipande cha leso. Sikuwa na mashapo, sikuwa na utando, sikuwa na chochote cha Kismayo wala cha Chovae. Ikawa tembo, nikavaa leso ya kazi. Nikaihamisha juani na kivulini, mpangaji mwenzangu akinitazama kama mwenda wazimu. Kisha asubuhi moja nikaona juu yake kitu chembamba, cheupe, mfano wa pumzi kwenye kioo. Utando! Nikamwita Rukia, tukainama wote wawili juu ya chupa. Nani kauleta? Dirisha lilikuwa wazi, basi. Kumbe ulikuwa hewani muda wote, Kismayo, Chovae, Mombasa, juu ya vichwa vya watu wazuri na wabaya, unangoja tu chombo kilicho wazi. Shangazi aliniambia usichie kichu nami miaka yote nilidhani ananikataza. Alikuwa ananieleza kwamba si sisi tunaoifanya.

Lakini hilo sikulijua asubuhi ile ya Chovae. Msisahau hilo mnaposimulia.

Asubuhi ile maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko. Mashua imeshapakiwa watu, Lali yumo, wajukuu wamo. Chupa ilikuwa mchangani, Rukia amesimama upande huu wa kikapu na Nahodha Kombo upande ule, tayari kuinyanyua.

"Dada Esha," akasema, "imegeuka?"

Nikafunua kitambaa. Likaja ua la mlimau. Ikaja mishmishi. Ikaja siki, nzuri, kali, iliyosimama, siki ambayo Shangazi Mize mwenyewe angeiondokea mkekani. Nikavuta tena, polepole, mpaka chini. Kule chini kabisa, kama mtu anayejificha nyuma ya mlango na upindo wa nguo yake unaonekana, mvinyo.

Rukia alikuwa ananitazama. Akasema kwa sauti ya chini, bila ujeuri, "Mama. Hakuna mwenye pua yako hapa. Sema tu."

Na kweli hakukuwa na mwingine. Kombo angeiamini pua ile, akaipakata chupa njia nzima. Watoto wangekuwa na kitu. Nikavuta mara ya mwisho, si ya kazi, ya kuiaga.

"Bado," nikasema.

Kombo akaondoa mikono. Rukia akafunika uso kwa leso. Maji yalikuwa yameanza kurudi nyuma. Nikajifunga kibwebwe, nikawaambia watu wa nyumba yangu:

"Imwageni. Isuuzeni kwa maji matamu, muipakie. Na mdomo wake msiuzibe."